Mama Redio na Mashine ya Maji

Tangu mumewe afariki, Mama Redio alikuwa na habari nyingi na wasikilizaji wachache. Watu walimsalimu juu juu, ndoo mkononi, wakapita. Kwa hiyo mtaa ulipopata mfadhili wa kuchimba kisima kimoja, aliapa moyoni kwamba kitachimbwa uani kwake. Mwenye kungoja foleni hana pa kukimbilia, atasikiliza tu.

Bahati nzuri, mpimaji aliyeletwa kutafuta maji alikuwa binti yake wa kumzaa. Bahati mbaya, binti huyo hakujua kupendelea mtu tangu utoto.

Siku ya kwanza walipima barabarani. Vibarua walipigilia vigingi vya chuma, wakavifunga nyaya, binti akapitisha umeme wa betri ardhini, akasoma namba kwenye mashine yake. Kila kigingi kilimwagiwa kopo la maji ya chumvi.

"Chumvi ya nini hiyo?" Mama Redio akauliza.

"Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, mama. Chumvi inasaidia. Namba za mashine zikishuka, huenda chini kuna maji."

Mama Redio alishika aliyoyataka, mengine akayaacha yapite.

Kesho yake ilikuwa zamu ya uani kwake. Jua halijatoka vizuri, akakoroga pakiti kumi za chumvi ndooni, akanyunyiza uwanja mzima kama mtu anayetuliza vumbi.

Mashine ilipowashwa, namba zikaporomoka. Majirani wakashangilia. Hata Mama Pacha, ambaye hawakuwa wamesemezana naye kwa miaka minne kwa sababu ya jogoo mmoja, alipiga makofi mawili.

Binti hakupiga. Akaagiza vigingi visogezwe mbali, ili umeme uzame zaidi. Namba zikapanda. Vikasogezwa tena, namba zikapanda mno. Akachuchumaa, akachota udongo kwa ncha ya kidole, akaulamba.

"Mama, una chumvi jikoni?"

"Imeisha."

"Imeisha lini?"

"Leo."

Binti akamwingiza jikoni, akafunga mlango. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuuma mama.

"Juu ni chumvi yako. Chini ni mwamba mkavu. Gari la kuchimba linakuja mara moja tu. Likikosa hapa, mtaa mzima utabeba ndoo mpaka uzeeni."

"Nilitaka watu waje."

Binti akaelekeza kidole mlangoni. "Wananingoja nje, mama. Nikisema mashine imekosea, nani ataniamini tena? Na nikisema ukweli..."

"Habari zangu hazitangazwi na mtu mwingine," Mama Redio akasema, akafungua mlango.

Akasimama mbele yao. "Hapa hakuna maji. Nimemwaga chumvi nimdanganye mwanangu. Pakiti kumi."

"Kumi!" Mama Pacha akaruka. "Ndiyo maana dukani naambiwa imekwisha!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Fundi viatu wa mtaa peke yake hakucheka. "Tungechimba hapa, mama, tungekunywa nini?"

Mama Redio akainamisha kichwa.

Kipimo kilichofuata kilikuwa uani kwa Mama Pacha. Binti akamkabidhi mama yake ncha ya tepu ya kupimia. Mama Redio akaivuta mpaka kwenye kizingiti cha jirani, akasita.

"Pita basi," Mama Pacha akasema, "tepu inalegea."

Akapita, akichunga asikanyage miche ya jirani yake.