Kifungo Kisicho na Matundu

Kila asubuhi mama mkwe alimletea fundi kidonge na glasi ya maji, akasimama kando ya cherehani mpaka kimezwe. Fundi alikunywa maji, akashukuru, na mama wa watu alipogeuka tu, akakitoa kidonge chini ya ulimi na kukitumbukiza kwenye kopo la vifungo vyeupe. Alijiona mjanja.

Ujanja gani, jamani? Ulikuwa woga mtupu. Kifafa alikuwa nacho tangu usichana, na dawa ilikuwa imekituliza. Ila binti yake alizaliwa na taya dogo, kidevu kimerudi nyuma, na kila alipolazwa chali ulimi uliziba koo. Mama na bibi walikesha kwa zamu wakimlaza ubavu. Daktari alisema huenda dawa ilichangia. Akaonya kwamba akitaka mimba nyingine aje kwanza abadilishiwe dawa, asithubutu kuiacha mwenyewe. Mimba ya pili ilikuja bila kupiga hodi, na kliniki fundi hakwenda.

Siku hiyo alikuwa akipiga pasi kola. Binti, mwenye maneno mengi kuliko meno, alikaa sakafuni akichezea kopo.

"Mama, kifungo hiki hakina matundu," alisema, akakipeleka mdomoni.

Fundi aliruka akampokonya. Papo hapo akasikia ladha ya chuma ulimini, ladha iliyotangulia kifafa chake kila mara. Aliwahi kuchomoa waya wa pasi, basi. Sakafu ikampokea.

Mama mkwe aliingia mbio, akamkuta mkwewe chali akitetemeka, povu mdomoni. Akaduwaa, mikono kichwani.

"Bibi, mlaze ubavu," binti alisema. "Kama mnavyonilaza mimi."

Fundi alipozinduka, kichwa chake kilikuwa juu ya bunda la vitambaa. Jirani alikuwa ameshakwenda kutafuta gari. Mama mkwe alipiga magoti mbele yake, kiganja kimejaa vidonge alivyovitoa kwenye kopo la vifungo. Hakufoka, na hilo lilimuuma fundi zaidi.

"Nilikuwa namlinda mtoto," fundi alisema kwa shida.

"Mtoto yupi?"

Binti alikuwa akimfuta mama yake mate kwa kipande cha kitambaa, kidevu chake kidogo kikimtetemeka. Fundi akaweka mkono tumboni, akasubiri mtoto acheze. Hakucheza. Nje gari lilipiga honi, naye akalishika bega la mama mkwe, akainuka huku akilia.