Miche ya Bi Borghild

Tangu Ardis ateleze kwenye barafu mwezi Februari na kuvunjika nyonga, daktari alimpiga marufuku kushuka ngazi za kwenda chini ya nyumba, na kazi ya kuotesha miche ya nyanya huko chini kwa mwanga wa taa ikamwangukia mumewe, Verlyn. Mzee huyo alikuwa ameendesha lori la maziwa huko Minnesota miaka thelathini na minane bila kutumbukiza gurudumu mtaroni, kwa hiyo hakuona mche ungemshinda nini.

Ardis alimkabidhi bahasha. "Mbegu za mama yako hizi. Mwaka jana mvua ya mawe haikutuachia hata nyanya moja ya kutoa mbegu, kwa hiyo usinichezee."

"Maji na taa tu, mke wangu. Kwani ni upasuaji?"

Nyanya hiyo haikuuzwa popote. Bi Borghild, mamake Verlyn, aliipanda maisha yake yote. Ilikuwa kubwa, ya waridi, imejikunjakunja, na kila Agosti Verlyn akiila kwa chumvi alimwona mamake amesimama mlangoni na aproni yake. Kwake hilo halikuwa jambo dogo.

Mbegu ziliota zote. Verlyn alifurahi, akawa anashuka kuinywesha miche asubuhi, mchana na jioni, kwa mapenzi matupu. Taa ndefu za kumulikia miche alizining'iniza kwa minyororo juu kabisa, karibu na dari, asije akajigonga kichwa.

"Bomba limelia mara ya tatu leo!" Ardis alipaza sauti kutoka jikoni. "Unanywesha miche au ng'ombe?"

"Inakua, wewe! Imeshapita kidole changu kwa urefu!"

"Teremsha taa, Verlyn. Ziwe karibu na majani. Mche ukirefuka hivyo ujue unahangaika kutafuta mwanga, hiyo si afya. Na maji utie kwenye sinia, inywe kwa chini."

Verlyn akaitikia "sawa" ya mtu ambaye hajasikia kitu. Urefu ule ulikuwa umempa kichwa. Siku nne baadaye akakuta miche kadhaa imelala, mashina yamesinyaa pale yanapotoka kwenye udongo, membamba kama uzi. Wiki ilipokwisha haukubaki hata mmoja. Alikaa juu ya ndoo, taa zikimulika udongo mtupu, na moyo ukamuuma kweli. Aliona kama amemzika mamake mara ya pili.

Kumwambia Ardis hakuweza. Akaaga kwamba anakwenda kununua kahawa, akapitia kwenye kitalu cha mjini, akarudi na miche kumi na miwili ya nyanya, akaihamishia kwenye vile vikopo vya mtindi alivyotunza mkewe.

"Hebu niletee niione," Ardis akasema Jumapili baada ya kanisa.

Akaileta mezani. Ardis alivaa miwani, akashika jani. Ukingo wake ulikuwa na meno kama msumeno. Jani la nyanya ya Borghild halina meno. Ni laini pembeni, kama jani la kiazi. Verlyn alikuwa amekula nyanya zile miaka sabini bila kutazama jani hata mara moja.

"Imependeza," Ardis akasema. Kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Nini sasa?"

"Umenunua kwenye kile kitalu cha karibu na benki, mzee?"

Verlyn akanywea. "Ilikufa yote, Ardis. Nimeiua kwa maji. Nisamehe."

"Hata mimi niliiua, mwaka ule tulipooana. Nikanunua mingine hapo hapo, nikampelekea mama yako. Akashika jani, akaniambia, 'Imependeza.' Hakuongeza neno. Krismasi akanipa kadi, ndani mna bahasha ya mbegu."

Verlyn alimtazama. Hilo hakuwahi kulisikia.

"Nenda kwenye friza," Ardis akasema. "Nyuma ya njegere."

Bahasha ilikuwepo, ina mbegu nusu kijiko. Juu yake, kwa mwandiko wa Ardis: *Za Verlyn, mara ya pili.*

"Kumbe ulijua nitaiua!"

"Nakujua wewe, mume wangu. Haya, shuka ukateremshe taa."

Alishuka akinung'unika huku anacheka. Akapanda mbegu, kisha akalegeza minyororo ya taa pingili kwa pingili, mpaka taa zikabaki vidole viwili juu ya udongo. Jikoni, Ardis aliketi na kahawa yake, ametega sikio.

Siku hiyo bomba lililia mara moja tu.