Waliomsaidia Kufungasha

Mshonaji alirudi kutoka bombani akakuta viatu vimejaa mlangoni pake, vimepangwa kwa adabu kama mlangoni pa mfiwa. Alisimama na ndoo kichwani, akavitazama. Alivijua vyote. Makubazi yaliyoshonwa kwa waya yalikuwa ya muuza mkaa wa chumba cha mbele. Raba nyeupe zilikuwa za mwalimu, ambaye huzipaka chaki zikichafuka. Na zile ndara za bluu, zilizolika kisigino upande mmoja, zilikuwa za Mama Pacha, shoga yake wa miaka nenda miaka rudi. Hakuna aliyefariki katika nyumba ile. Hilo ndilo lililomfanya asiishushe ndoo.

Ndani walikuwa wamekaa kitandani, mkekani na juu ya sanduku la nguo za wateja. Kiti cha cherehani walikuwa wamemwachia yeye.

"Karibu, mwenzetu," mwalimu alisema, kisha akashtuka kwamba anamkaribisha mtu nyumbani kwake mwenyewe. Akakohoa.

Nyumba ile ilikuwa na milango mingi na kila mlango ulikuwa na lugha yake. Asubuhi mtu alipita uani akasalimiwa kwa namna nne tofauti kabla hajafika chooni. Mshonaji aliletwa pale na mumewe alipopata kazi ya kufyatua matofali, na mume alipofariki hakuona sababu ya kuondoka. Kabila lake halikuwa na watu wengi katika mji ule. Mwaka ambao Mama Pacha alijifungua mapacha na maziwa yakamwia haba, Mshonaji alikuwa ametoka kumzika kichanga chake, na kifua kilikuwa kikimuuma kwa maziwa yasiyo na mnywaji. Alivuka ua, akanyoosha mikono, akapewa mmoja. Alimnyonyesha mpaka akaacha ziwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza kwao ni wapi, na yeye mwenyewe alikuwa kama ameacha kujiuliza.

Halafu maneno yakaanza. Yalianzia redioni, yakahamia vijiweni: wageni wameujaza mji, kila mtu arudi kwao. Mwanzoni yalisemwa juu ya watu wasiotajwa, na hata Mshonaji aliyasikia akitia uzi sindanoni, akatikisa kichwa kama anayesikia habari za nchi ya mbali. Kisha duka moja la mtaa wa pili likachomwa, na mwenye duka alikuwa mtu wa kabila lake.

"Wenzangu wamenisukuma mimi niseme," Mama Pacha alianza. Alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. "Vijana wamepita jana. Wanauliza nyumba hii inakaa nani na nani. Wakirudi na moto wao, shoga yangu, hawatatafuta mlango wako peke yake. Paa ni moja hili."

"Kwa hiyo mnanifukuza."

"Nani ametaja kufukuza? Ni kwa muda tu. Mambo yakipoa utarudi."

"Na chumba changu?"

Muuza mkaa ndiye aliyejibu, taratibu, kwa sauti ya mtu anayetoa msaada. "Mpwa wangu anaweza kukikalia. Asije akaingia mtu baki."

Mshonaji alikaa kitini, mikono mapajani. Alitamani mmoja wao amtukane. Angetukanwa angekuwa na kitu cha kushika, angeweza kusimama mlangoni akapiga kelele mpaka mtaa mzima ujue. Lakini wote walikuwa na macho mekundu. Mwalimu alikuwa akilia bila kujificha, na ilimlazimu Mshonaji kumpa kitambaa.

Walimfungashia vizuri. Hilo hakuweza kulikana hata baadaye. Wanawake walivisha vikombe vyake vipande vya nguo kimoja kimoja visije vikagongana njiani. Mwalimu alikunja godoro akalipiga kamba, akalifungua, akalifunga upya likae sawa. Muuza mkaa alileta gunia alilolifua akalianika tangu jana yake. Mshonaji alipolipokea alielewa kwamba shauri lilikuwa limekatwa kabla hata hawajavua viatu. Mama Pacha alimpikia chakula cha njiani, akakifunga, akamwekea na chumvi pembeni kwa sababu alijua hapendi chakula cha chumvi kali.

Aliyebeba cherehani hadi stendi alikuwa yule pacha aliyemnyonyesha, sasa mwanamume mzima, fundi wa kuchomelea, mikono imejaa alama za cheche. Aliiweka begani akatembea mbele bila kugeuka. Walipofika aliishusha polepole kama mtu anayelaza mtoto.

"Mama mdogo, ukifika utupigie simu."

"Nitapiga."

"Mimi kwenye kile kikao sikuwepo."

"Najua, baba."

"Lakini hata ningekuwepo…"

Mshonaji alimsubiri amalizie. Dereva akapiga honi, utingo akaanza kupandisha mizigo, na kijana akainama kukaza kamba ambayo tayari ilikuwa imekaza.

Kaka yake alimpokea kwa machozi. Alikuwa seremala katika mji ambao kabila lao ndilo lililojaa, na alimpa kona ya karakana yake aweke cherehani. Mshonaji alidhani atapumua. Lakini ulimi wake ulikuwa umeota kutu. Akizungumza lugha ya mama yake, maneno yalitoka na lafudhi ya kule alikotoka, na wifi yake alimrekebisha kwa upole mbele ya wageni. Watoto wa mtaani walimwiga, wakaangua kicheko. Kwa watu wazima jina lake likawa Aliyefukuzwa. Wanawake walimletea nguo zisizohitaji kushonwa ili wasikie kisa chake. Walitaka mapanga na moshi. Alipowaambia kwamba alifungiwa chakula cha njiani, waliangaliana, wakachukua nguo zao na kuaga.

Alipiga simu kama alivyoahidi. Mama Pacha aliipokea, wakaulizana hali, wakajibizana kwamba ni nzuri. Nyuma ya sauti yake Mshonaji alisikia mtu akicheka na kugongagonga ukuta. "Ni mpwa wa muuza mkaa," Mama Pacha alisema. "Anatundika rafu." Baada ya hapo hawakupata tena la kuzungumza.

Alasiri moja karakana ilijaa watu. Wanaume walikaa juu ya mbao, vijana wakasimama kwenye maranda. Katika mtaa ule kulikuwa na fundi bati na familia yake, watu wa kabila la Mama Pacha. Nusu ya mifereji ya maji iliyokuwa ikining'inia kwenye mapaa ya watu wale ilikuwa kazi ya mikono yake. Sasa vijana walisema wamengoja vya kutosha, na kwamba kule watu wa kabila lao hawakungojewa. Mmoja alikuwa na dumu la mafuta miguuni, halifichi.

"Dada," seremala alisema, "wewe ndiye uliyeyaonja. Hebu waambie."

Mshonaji aliinuka. Tangu afike hakuwahi kuhisi nguvu kama ile. Alilitazama dumu, akamwaza mke wa fundi bati, ambaye humwamkia kila asubuhi kwa sauti ya chini, na akapiga moyo konde. Akiwaeleza watu hawa ukweli, alifikiri, wataona kwamba kule nako kuna watu.

"Hawakunitukana," alisema. "Hakuna aliyeniinulia mkono. Waliingia kwangu kwa heshima, wakanieleza kwa heshima. Walinikunjia godoro. Vikombe vyangu vyote vilifika vizima. Walilia, na machozi yao hayakuwa ya uongo, mimi niliwaona. Wale si wanyama. Wana utu kama ninyi."

Kijana mwenye dumu alitazama pembeni. Mshonaji aliona nyuso zikilegea, akajua amewafikia.

Mwenye duka mmoja wa mtaa ule, mtu mpole aliyekuwa amekaa muda wote bila kusema, akajikung'uta unga wa mbao.

"Mmesikia," alisema. "Kama wao waliweza bila kumwaga damu, sisi tutashindwaje? Tusiaibike. Twendeni tukazungumze nao kistaarabu, tuwasaidie kufungasha."

Watu walishusha pumzi. Mtu mmoja alicheka kwa faraja. Dumu likaondolewa. Seremala akamshika dada yake bega, machozi yakimlengalenga. "Leo umeokoa watu," alimwambia. Naye Mshonaji alifungua kinywa apinge, akakosa pa kuanzia, kwa sababu ilikuwa kweli. Akarudi kukaa, na mpaka karakana ilipobaki tupu alikuwa bado amekaa.

Kesho yake asubuhi wifi yake alisimama mlangoni na mafungu ya kamba. "Twende, wifi. Wewe unajua inavyofanywa."

Akaenda. Fundi bati alikuwa juu ya ngazi akifungua mfereji wa paa lake. Katikati ya kazi alisimama, akaufikiria, akaurudishia misumari na kushuka. Wanawake walikuwa wamezagaa uani na vyombo. Walisema taratibu, walishika kila kitu kwa uangalifu. Mmoja alikuwa amembeba mgongoni mtoto mdogo wa nyumba ile ili mama yake apate nafasi.

Mama huyo alikuwa chumbani peke yake, akipambana na shuka pana. Alipomwona Mshonaji aliishusha shuka.

"Wanasema wewe umetoka huko tunakokwenda."

"Ndiyo."

"Mimi sijawahi kufika. Nimezaliwa hapa, nyumba ile ya kona. Mume wangu alipelekwa mara moja akiwa mtoto, hakumbuki kitu." Alikiangalia kitanda kilichobaki mbao tupu. "Kukoje?"

"Asubuhi kuna baridi," Mshonaji alisema. "Mablanketi usiyaweke chini ya mzigo. Maji yapo, ila uwahi bombani."

"Na watu?"

Nje wanawake walikuwa wakiulizana kama kuna kamba iliyobaki, na mmoja akasema ataleta nyingine kutoka kwake, isiwe taabu. Mshonaji aliwasikiliza mpaka wakanyamaza.

"Watu wake ni wema," alisema.

"Kama wa hapa?"

"Kama wa hapa hapa."

Mke wa fundi bati aliitikia kwa kichwa. Uso wake ukapata nafuu kidogo. Akamkabidhi ncha mbili za shuka, naye akarudi nyuma na zake, ili walikunje.