Khatibu Anaulizwa Wema Wake

"Basi tuambie siku moja uliyomsaidia mwenzako," bwana mwenye kipara alirudia, safari hii polepole, kama anayemlisha mtoto samaki wa miiba.

Khatibu akatazama viatu vyake. Alikuja Randburg kwenye usaili huu wa fundi wa majokofu na majibu tele: kompresa inayonguruma bila kupoza, gesi inayovuja pasipoonekana, bomba lililoziba barafu. Vyumba vya baridi vya maduka makubwa alivijua kama watoto wa jirani, kila kimoja na utundu wake. Huko hakuna aliyegusa. Tangu aketi walikuwa wakiuliza moyo tu: anajali nini, anaishije na watu, amemfaa nani.

La kusema lilikuwepo. Lakini kwao Tanga mama yake alimlea hivi: wema ukiutangaza, umeula mwenyewe. Mtu mzima atakaaje kitini, mbele ya wageni, ajisifu?

"Hakuna," akasema.

Bwana yule akaandika kitu kifupi sana.

Keziah, Mkenya aliyekaa mwisho wa meza, ndiye aliyemsindikiza hadi kwenye lifti, na hapo Kiswahili kikamtoka. "Ai, ndugu yangu! Si ungetoa hata kastori kamoja? Yule mwenye alikutangulia alisema aliokoa paka, na wakampigia makofi."

"Dada, hilo angesema paka."

Keziah akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatulia. "Lakini nafasi ndiyo imeenda hivyo. Pole."

Ndani ya teksi, kila walipokamatwa na roboti nyekundu, taa za barabarani za huku, Khatibu alipanga upya maneno ya kumwambia mkewe. Alimwahidi Nusaiba kwamba baada ya Idi angemleta, akipata kazi hii na chumba. Sasa amlete wapi? Yeye mwenyewe alilala sebuleni kwa Bi Mwatumu, pale mtaa wa Berea, godoro lake likigusana na la Évariste, Mkongomani mshona viatu.

Bi Mwatumu, mwenye flati, alikuwa ameshapika pilau na kuwatangazia majirani wa ghorofa zote.

"Fundi! Gari la kazi wamekupa la rangi gani?"

"Hata baiskeli sikupewa." Akawaeleza yote, mpaka lile jibu lake la hakuna.

Évariste akapiga kofi paja lake. "Weye? Hakuna mutu wenye ulisaidia? Na miye ile siku nilianguka na malaria, ni nani alinibeba?"

"Na friji yangu je?" Bi Mwatumu akadakia. "Na ya Hélène wa chini, maziwa ya mtoto yalipokuwa yakiganda kila siku? Alikulipa nini, zaidi ya kukuita papa, yaani baba?"

Khatibu akaziba masikio. "Jamani, mnaniharibia thawabu!"

"Thawabu utazikuta mbele. Sisi hapa tunataka umbea," Bi Mwatumu akamjibu.

Burhani, Mzanzibari wa chumba cha pili, akavaa miwani ya Bi Mwatumu na kukalia kreti. "Bwana Khatibu, ungekuwa mboga, ungekuwa mboga gani?"

"Mchicha. Kila apitaye ananichuma."

Nyumba ikalipuka. Khatibu naye alicheka mpaka machozi, na vicheko vilipokwisha, machozi yakabaki. "Nusaiba nitamwambia nini?" alinong'ona. Katika nyumba ile, hakuna kilichowahi kunong'onwa kisisikike.

Bi Mwatumu alikwangua ukoko, akautafuna wote bila haraka.

"Mie chumba changu kina joto," akasema.

Ilikuwa Juni, kipindi cha baridi huku kusini. Wote walikuwa wamevaa majaketi.

"Joto kali," akaendelea. "Nitalala hapa sebuleni, karibu na mlango, nijue nani karudi na nani."

"Eish, joto mingi sana," Évariste akaafiki, akikunja godoro lake. "Miye naenda kwa Burhani. Anakoromaka vizuri."

"Bi Mwatumu, dada yangu..." Khatibu akaanza.

"Nani kakwambia ni kwa ajili yako? Shika upande huo!"

Kitanda cha Bi Mwatumu, wakikitoa chumbani, kikanasa mlangoni. Bi Mwatumu aliamuru kiinuliwe, Burhani akataka kilazwe, Évariste akahesabu kwa Kifaransa na kila mtu akasukuma kwa wakati wake. Khatibu alikuwa katikati, mguu wa kitanda begani, simu ilipoanza kuita mfukoni. Alijua ni Nusaiba. Mikono yote miwili ilikuwa imejaa. Akasukuma, huku ikiita.