Baba Alivyojifungia Ndani ya Ngome Yake

Kila mjukuu huniuliza kwa nini shangazi yake Nafula huitwa Yai. Haya, sogeeni niwaambie.

Mwaka wa arubaini na sita nilijifungua hapa Junda, nyumbani kwa baba yangu, mzee Ruwa. Mume wangu Kefa, mtu wa bara aliyekuwa akipanga mabehewa ya reli kule Changamwe, alitaka mtoto aitwe Nafula, jina la marehemu mamake. Kwao, mtoto akinyimwa jina la marehemu wake hulia hata akonde. Na mwanangu alikuwa akilia kweli! Baba naye alitaka Kafedha, jina la mama yake yeye.

"Kilio cha kwanza kalilia kwangu," akasema. "Jina ni langu."

Jirani yetu Faki, mwenye ubao wa sataranji, akawaamulia wacheze, mshindi ataje jina. Baba akakenua meno yote, kwani Junda nzima hakuna aliyepata kumshinda.

Jumapili baada ya kanisa wakaketi barazani. Mimi sikuwa nimetimiza siku arubaini za uzazi, kwa hiyo nilichungulia nyuma ya pazia, mtoto begani.

Uchezaji wa baba ulikuwa wa vituko. Wenzake huanzia katikati. Yeye alisukuma askari wa pembeni, huyu hatua moja, yule hatua moja, akapeleka farasi ukingoni, kisha akajikunyata kama kobe. Mfalme akamtia pembeni kabisa na kumzungushia watu. Baada ya hapo kazi yake ilikuwa kuhamisha kete moja tu, ile ngome, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, huku akitafuna korosho. Watu huchoka kungoja, wakavamia ovyo, naye akawala mmoja mmoja.

"Njoo basi, mkwe wangu," akamchokoza Kefa. "Au miguu imekufa ganzi?"

"Naja, baba. Polepole."

Kefa hakuvamia. Mtu wa mabehewa huyo, hasukumi kitu mpaka njia iwe tayari. Akaitwaa katikati yote, akaleta watu wake karibu, akamweka farasi tayari, akangoja. Aliona jambo ambalo baba hakuliona: ngome ile ikienda, mfalme alikuwa na kijimlango cha kutokea, ikirudi, inakiziba yenyewe.

Ngome ikaenda. Ngome ikarudi.

Farasi wa Kefa akaruka, akamlenga mfalme. Hakuna wa kumla farasi yule, na mfalme hana pa kukimbilia, kila upande kazibwa na watu wake mwenyewe.

Faki akapiga paja. "Aa! Haya, Bwana Kefa, litamke. Mchezo hauishi mpaka useme, 'Mfalme wako kafa.'"

Kefa akainamisha kichwa. Kwao mtu hamwambii baba mkwe neno la kifo, hata kwa mchezo.

"Bwana Faki, siwezi. Huyu ni mkwe."

Baba akatafuna korosho, macho juu ya paa. "Mie sijasikia neno. Mchezo unaendelea."

"Wallahi, Ruwa, unaendelea wapi?" Faki akauliza.

"Naye aseme basi!"

Wakakaa hivyo. Chai ikapoa. Mwanangu analia hana jina. Nikaona hawa watalala hapo. Lakini baba yangu namjua: kitendawili kikitegwa, hata akiwa mezani kwa askofu, lazima akitegue.

"Kitendawili!" nikaita nyuma ya pazia.

"Tega!" akadakia baba.

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai! Hicho cha watoto, Dorcas!"

"Na aliyemo ndani, baba, atatokea wapi?"

"Atatokea wapi na hakuna mla—"

Akautazama ubao. Akamshika mfalme wake kwa vidole viwili, akamgeuza huku, akamgeuza huku, kisha akamlaza taratibu.

"Kafa," akasema. "Tena kauawa na jamaa zake. Mtoto ni Nafula. Mleteni."

Nikampa. Amini msiamini, mtoto akanyamaza palepale. Kefa akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Baba akamtazama mjukuu wake usoni, kipara cha mtoto kinang'aa, hana unywele hata mmoja.

"Nafula ni la babako, nimekubali," akamwambia. "Lakini mimi na wewe, nitakuita Yai."

Na Junda nzima ikamfuata baba.