Ghazala Akata Uwanja wa Mpira

Alfajiri moja ya Septemba 1942, Ghazala binti Hamad alikuwa akikamua mbuzi juu ya kilima, si mbali na bandari ya Tobruk, alipoona mashua zikiingia ghuba ndogo ya Marsa Lawz, zimesheheni askari wa Kiingereza.

"Hawa wamechoka kuishi," akamwambia mbuzi.

Ufuo mzima ulikuwa umetegwa mabomu. Aliwaona Waitalia wakiyafukia mwezi mzima, baada ya kumfukuza kwenye kisima cha marehemu mumewe na kukizungushia seng'enge.

Askari wa kwanza alipiga hatua kumi tu, mlipuko ukamvunja mguu. Wenzake wakajitupa kifudifudi, mbele hapaendeki, nyuma bahari. Ghazala akaacha maziwa, akateremka mbio hadi ukingoni mwa ufuo.

"Rudi, mama! Kuna mabomu!" akapiga kelele Faraj, kijana wa Benghazi aliyekuja nao kama mkalimani.

"Unaniambia mimi? Mwambie bwana wako asogee kushoto, kwenye zile nguzo."

"Pana nini pale?"

"Uwanja wao wa mpira. Wewe ungetega bomu unapochezea?"

Faraj akatafsiri. Luteni Pettigrew, aliyeongoza kikosi cha mbele, akauliza kama mama ana hakika. Ghazala hakungoja wamalize kushauriana. Akakunja gauni, akaukata uwanja kutoka goli hadi goli, ingawa hakika yake ilikuwa ya macho, miguu ilikuwa bado haijajaribu. Kimya. Hakuna kilicholipuka.

Wanaume mia nne wakamfuata kama siafu. Waitalia wa kituo cha ulinzi cha karibu walikutwa wakinyoa, povu mashavuni, wakainua mikono na nyembe zao. Kufikia magharibi Tobruk ilikuwa imetekwa. Majeshi ya Wajerumani na Waitalia yaliyokuwa Misri yakakatiwa petroli na maji, na kabla ya mvua za baridi vita vya jangwani vikawa vimekwisha.

Siku ya tatu Pettigrew alirudi na Faraj, kuuliza mama apewe nini.

"Kisima changu. Na hizo seng'enge mzing'oe leo, mbele yangu."

Wakang'oa, luteni mwenyewe akichanika mikono. Ghazala akateka maji, akaonja, akafumba macho kidogo. Kisha akampa Faraj kata, luteni akisubiri.

"Kunywa, mwanangu. Benghazi hamna maji matamu hivi."

"Lakini mama, kwetu Benghazi kuna—"

"Kunywa!"