Wanufaika Arobaini na Mmoja

Jirani yetu Josephina anasimulia kwamba nilitia dawa kwenye bahasha. Anasema ulikuwa unga wa mzizi, mweusi kama masizi, ambao bibi yangu aliuchimba kule juu Mbete kabla umande haujakauka, akaufunga kwenye jani la mgomba, akanishushia mjini. Nami nikaunyunyiza katikati ya karatasi. Bahasha ikapanda basi mpaka Dar es Salaam, ikafika mezani kwa mama mmoja mkubwa wa ofisi. Mama akaifungua, akapiga chafya tatu, na kabla ya tatu haijaisha alikuwa ameshaweka sahihi. Josephina huyasimulia haya bombani, ndoo yake ikifurika bila yeye kuona, na akifika kwenye chafya huzipiga zote tatu.

Mimi huwa namwacha. Hadithi yake ni tamu kuliko yangu. Lakini bahasha ile niliifunga kwa mate yangu mwenyewe, na haikuwa na unga. Ndani yake walikuwamo watu arobaini na mmoja, na wote walikuwa marehemu.

Sisi wa Mwembesongo tuna chama cha kufa na kuzikana. Tuna majamvi, turubai moja lenye viraka, sahani za bati zisizohesabika, na sufuria sita. Ile kubwa kuliko zote tunaiita Baba Mkwe, kwa sababu ikiingia uani kila mtu husimama na kuipisha njia. Mtu akifariki, kabla hata maji ya kumwoshea hayajapata moto, mafiga yetu yanakuwa yameshapangwa kwao. Mfiwa hapaswi kuuliza kuni ziko wapi.

Nilijiunga chama kilipoanza, nikiwa na miaka kumi na minne, mwaka niliomaliza darasa la saba na majina ya waliochaguliwa kuendelea yakabandikwa bila langu. Mama Maneno, mwenyekiti wetu, alinitazama akaniambia, “Wewe Asia huna haraka. Kaa hapa, angalia.” Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu: kuangalia. Wali wa watu mia mbili hautaki mtu mwenye nguvu. Unataka mtu asiyechoka kuutazama. Na ukikaa mbele ya moto unatazama sufuria, unajikuta umetazama na mengine: nani alilia, nani alikuja na mchele kwenye khanga bila kujitangaza, nani alirudi kuomba ukoko.

Bibi yangu, Bibi Pili, alikuwa mwanachama wa mlimani. Kila siku ya soko aliteremka na ndizi zake kichwani, akapitia kwa Mama Maneno, akatoa mchango wake kutoka kwenye pindo la khanga, na kila mara alisema neno lile lile: “Wali wa msiba wangu nimeshaulipia. Nyama je, imeshafika mguu wa ngapi?”

Kisha ukaja mwaka ule wa barakoa.

Tuliambiwa tusikusanyike, na kweli hatukukusanyika. Tukazika tukiwa wachache wachache, dua fupi, salamu za mbali, kila mtu kwake. Sufuria zikafunikwa kifudifudi stoo kwa Mama Maneno, na kuku mmoja akapata njia ya kuingia chini ya Baba Mkwe akaatamia humo. Mama Maneno mwenyewe alikuwa akiwauzia chakula wanafunzi wa chuo kule Mazimbu. Chuo kikafungwa, akabaki na miko. Wengine vivyo hivyo. Michango ikakauka kama kijito cha kiangazi.

Ndipo akatokea Bwana Said, mwenye mgahawa kutoka Turiani, akitaka kununua sufuria zote sita. Tukafanya mkutano uani, kila mmoja kwenye kigoda chake, hatua kadhaa kutoka kwa mwenzake, kwa hiyo siri za chama zikasemwa kwa kupaza sauti na mtaa mzima ukazisikia. Wengi wakasema tuuze, tugawane, tukutane Mungu akijalia.

Bibi alivuta barakoa yake chini ya kidevu. “Uzeni,” alisema. “Lakini mnijibu kwanza. Mimi mtanipikia kwenye kikombe?”

Watu wakacheka. Mimi nilimtazama mikono. Ilikuwa imeshika pindo la khanga pale anapofungia mchango, na pindo lilikuwa na fundo. Alikuwa ameteremka mlima mzima na fundo lake, na hapakuwa tena na mtu wa kulipokea. Tukakubaliana kwamba Bwana Said aje Jumamosi ya mwisho ya mwezi.

Wakati huo nilikuwa nafagia na kutoa kopi kwenye duka la Bwana Kabir, barabara ya soko. Binti yake anaitwa Sheetal, kwa hiyo mjini kote yeye ni Baba Sheetal. Siku moja mteja alileta fomu atolewe kopi, moja ikatoka imepinda. Nikaichomoa kwenye mashine, nikaisoma. Shirika moja la Dar lilikuwa linatoa msaada wa dharura kwa vikundi vya jamii: ndoo za koki za kunawia mikono, sabuni, unga, na gharama za kuvifikisha kwa wenye shida.

“Baba Sheetal, hii naichukua.”

“Chukua, mama. Si imepinda?”

“Maneno yake yamenyooka.”

Kikundi kikanikabidhi niijaze, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Jina la kikundi niliandika. Viongozi niliandika. Shida yetu niliandika, mpaka kuku. Ukurasa wa tatu ukasema: *Orodhesha wanufaika wa kikundi tangu kianzishwe.* Chini yake palikuwa na jedwali. Jina. Huduma aliyopata. Hali yake sasa. Maoni yake kuhusu huduma.

Nilifikiri kwa siku mbili. Sisi kazi yetu ni kuzika. Nani anayenufaika na kuzikwa, kama si aliyezikwa? Nikaanza. Sikuwa na daftari la kunakilia, ila nilikuwa na moto ule niliokaa mbele yake miaka minane. Nilimkumbuka kila mtu kwa chungu chake: huyu ni wa wali ulioshika chini, huyu ni wa mvua iliyotuzimia mafiga, huyu alipikiwa magimbi kwa sababu mchele ulichelewa. Jedwali lao lilijaa, nikaongeza karatasi. Huduma: turubai, wali na nyama. Hali yake sasa: amezikwa Kola, upande wa juu. Hali yake sasa: amezikwa Mbete, karibu na mama yake.

Kwenye maoni ndipo nilipokwama. Mwisho nikaandika ukweli, mara arobaini na moja: *Hakusema kitu.* Na kwa baadhi nikaongeza: *Waliobaki walishiba.*

Bahasha ikapanda basi. Kesho yake Baba Sheetal akaikuta kopi yangu kwenye droo.

“Asia, njoo hapa mama. Hii nini?”

“Wanufaika.”

“Huyu yuko wapi?”

“Kola.”

“Na huyu?”

“Kola pia. Ukipita ule mti wa mwarobaini.”

Alicheka mpaka akavua miwani, akashika mashine asianguke. “Wewe! Watu wa shirika wanataka watu hai wanaokula na kunywa, waliosaidiwa. Wewe umewatumia makaburi!” Akarudia kusoma ili acheke tena. Kidole chake kikafika namba kumi na tisa, kikasimama. Namba kumi na tisa alikuwa mlinzi wake wa zamani, mzee mmoja mpole ambaye hatukujua kwao ni wapi.

“Huyu alipikiwa nini?” aliuliza, bila kicheko.

“Wali na maharage. Mchele uliuleta wewe.”

“Nilileta?”

“Magunia mawili. Ulikaa kwenye jamvi la nyuma, ukala na watu.”

Akavaa miwani. “Nilikuwa nimeshasahau,” akasema, akairudisha karatasi kwenye droo taratibu, kama kitu kinachoweza kumwagika.

Lakini mimi nilibaki na aibu yangu. Wiki mbili nzima kina mama walinipungia mikono njiani, “Mwandishi wetu!” na mimi nikaitikia bila kusimama. Niliyemwambia ni Bibi peke yake, siku ya soko, tukiwa tunapanga ndizi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Kuna uliyemsahau?” akaniuliza.

“Hakuna.”

“Basi kosa liko wapi, mke mwenzangu? Hebu geuza hilo chane, upande huu limechubuka.”

Jumamosi ya mwisho Bwana Said alikuja na pikapu. Sufuria nne zilikuwa zimeshapanda. Ya tano ilikuwa mikononi mwa watu, na Mama Maneno alikuwa amepiga magoti stoo akimbembeleza kuku atoke chini ya Baba Mkwe, simu yangu ilipoita. Namba ngeni. Nikaibonyeza vibaya, ikatoa sauti kubwa uani kote.

“Naongea na Asia? Mimi naitwa Magdalena, napiga kutoka Dar es Salaam, kuhusu fomu yenu.”

Sufuria ya tano ikabaki hewani.

“Ndiyo, dada.”

“Nina orodha yenu ya wanufaika hapa. Ni kwamba... wote wamefariki?”

Nilihisi macho ya chama kizima yakinigeukia, pamoja na ya Bwana Said na ya kuku.

“Wote, dada.”

“Hakuna hata mmoja aliye hai?”

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na mlango. Akanyoosha mkono, nikampa simu, akaishika mbele ya mdomo kama anayeionja. “Mwanangu, aliye hai ni mimi. Nasubiri zamu.”

Kisha tukasikia mtu akicheka kule Dar, kicheko cha mtu aliyejizuia tangu asubuhi. Alipotulia, akaomba arudishiwe mwandishi.

“Asia, sikia. Sisi fedha zetu ni za waliobaki. Hawa arobaini na mmoja, nyumba zao unazijua?”

“Nazijua.”

“Zote? Wa kwanza ameacha nani?”

“Mke na watoto wanne. Mkubwa anabeba mizigo sokoni, siku hizi hakuna mizigo. Wa pili ameacha mama yake, macho hayaoni vizuri, anakaa nyuma ya mashine ya kusaga. Wa tatu nyumba imefungwa, walirudi Turiani. Wa nne ameacha wajukuu, bibi yao anaumwa miguu, bombani hafiki...”

Sikusoma popote. Nilitazama tu, kama ninavyotazama wali, na nyumba zikaja moja moja na moshi wake. Mama Maneno alitoka stoo akasimama. Nilikuwa nimefika namba ishirini na sita Magdalena aliposema, “Basi, dada. Basi. Nimeandika mpaka kalamu imeisha wino.” Akaniuliza kama tuna vyombo vya kupikia uji mwingi. Nikamtazama Bwana Said.

Bwana Said alijikuna kisogo. Alimwangalia Bibi, akaangalia pikapu yake. “Jamani,” akasema, “nipeni basi mtu wa upande ule tushushe. Mimi sitaki kuandikwa kwenye orodha ya huyu binti.”

Walitupa nusu ya tulichoomba, na nusu ilitosha. Baba Mkwe akarudi kwenye mafiga, mara hii kwa uji. Mwanzoni watu waliuogopa. Josephina alitangaza bombani kwamba yeye hanywi uji uliotoka kwenye sufuria za msiba, hata auawe. Siku ya tatu alikuja na chupa ya chai kubwa kuliko zote mtaani, akasema ni ya mgonjwa. Mgonjwa huyo alikunywa miezi miwili bila kutajwa jina. Tukapeleka ndoo, sabuni na unga nyumba kwa nyumba. Namba kumi na tisa hakuwa na nyumba, na fungu lake Baba Sheetal aliniomba alipeleke yeye, kwa mlinzi wake wa sasa.

Miaka imekwenda. Ndoo za koki sasa zinahifadhi maji ya kunywa kwenye misiba, na majirani hukaa tena bega kwa bega kwenye majamvi. Kuku wa Baba Mkwe alitotoa vifaranga tisa. Ile orodha niliinakili kwenye daftari lenye jalada gumu, na naiendeleza, kwa sababu Mama Maneno aliamuru na kwa sababu siku hizi sijui kuketi mbele ya moto bila kuandika.

Wiki iliyopita nilipanda Mbete kumwona Bibi. Hateremki tena; magoti yamekataa. Nilimkuta barazani amejifunga blanketi, ukungu umekaa juu ya migomba, mji wote uko chini yetu ukimetameta mabati. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwambia kwamba Josephina bado anasimulia habari ya mzizi.

“Mwache,” alisema. “Akiacha kuamini dawa, atataka umfundishe kuandika.” Akavuta blanketi mabegani. “Lile daftari umekuja nalo?”

“Ninalo.”

“Wamefika wangapi?”

“Hamsini na watatu.”

“Niandike.”

“Bibi!”

“Sina haraka. Nataka nilione tu jina langu lilivyokaa. Hali yake sasa, acha wazi. Ila hapo kwenye maoni,” akanyoosha kidole kuelekea mkobani kwangu, “hapo nataka kusema mwenyewe, maana wenzangu wote uliwaandikia kwamba hawakusema kitu. Andika, mke mwenzangu: *chumvi ilitosha.*”

Kalamu ilikuwa mfukoni. Nikainuka nikaenda jikoni kuangalia chai, ingawa maji yalikuwa bado hayajaanza hata kutoa mvuke.